Deni na Muhula Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Somo letu la safari hii ni juu ya deni. Hatukusudii kufundisha kukopa, kwani hilo kila mtu alijua bila ya mwalimu. Tunakusudia kulipa, na hasa kulipa kidogo kidogo kwa mpango unaojulikana, wenye kulindwa na hukumu, ili mwia asinyimwe haki yake na mwiwa asivunjwe uti wa mgongo.

Tumelichagua somo hili kwa kuwa katika miji yetu ya pwani tunaona watu wa namna mbili, na wote wawili wamekosea njia. Wa kwanza ni mdeni aliyelemewa, ambaye hubadilisha njia asipite mbele ya duka la mwia wake, huacha sala ya jamaa kwa kuogopa kukutana naye mskitini, hukopa kwa huyu amlipe yule, na mwisho huhama mji usiku akaacha mke na watoto waulizwe wao. Wa pili ni mwia ambaye haulizi kama mwenziwe ana kitu au hana. Humwita mwizi mbele ya watu, humsimamia mlangoni, na humtangaza arusini na matangani. Wazee wetu walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini Uislamu haukuridhia kulipa kuwe matanga. Umeweka baina ya wawili hawa njia ya tatu, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza.

DENI NI HAKI YA MJA

Yatupasa kwanza tujue uzito wa jambo lenyewe. Haki za Mwenyezi Mungu zimejengwa juu ya msamaha. Haki za waja zimejengwa juu ya kudaiana. Imam Muslim amepokea kuwa aliyekufa shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Na Imam Bukhari amepokea ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari tatu asiache cha kulilipa, akajizuia kumsalia, akawaambia Masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile, ndipo Mtume akamsalia. Tazama, ndugu msomaji: dinari tatu tu, na maiti ni mtu aliyesuhubiana na Mtume!

Kwa ajili hii Qur'ani imeweka aya yake iliyo ndefu kupita zote, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, si juu ya vita wala juu ya ibada, bali juu ya kuandikiana madeni na kuyashuhudisha. Na katika Sura ya An-Nisaa, urithi haugawanywi ila baada ya kutolewa wasia na deni. Basi anayedhani kuwa deni ni jambo la dunia tu, la dukani na la mahakamani, hajaifahamu dini yake.

MWENYE NACHO NA ASIYEKUWA NACHO

Msingi wa somo letu uko katika aya mbili kabla ya hiyo, yaani aya ya 280. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba mdeni akiwa katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na akaongeza kuwa kumsamehe kabisa ni bora zaidi kwa mwenye kujua. Wanavyuoni wametoa katika aya hii hukumu mbili: kumpa muhula aliye na dhiki ni wajibu, na kumsamehe ni sunna. Na hapa ndipo walipotunga kile kitendawili chao cha darasani: ni sunna gani iliyo bora kuliko wajibu? Jawabu yake ni hii.

Lakini aya hii ni kinga ya mwenye dhiki, si kichaka cha mwenye hila. Ama aliye nacho akachelewesha makusudi, Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wake dhuluma; na katika Hadithi nyingine imeelezwa kuwa mtu huyo yafaa kushitakiwa na kuadhibiwa. Basi wadeni si kundi moja. Yuko asiye na kitu, naye hatungwi gerezani. Yuko mwenye kitu akakificha, naye ni dhalimu. Na baina yao yuko yule ambaye ndio wengi wetu: hana cha kulipa vyote leo, lakini ana mshahara au biashara inayoweza kulipa vyote kidogo kidogo. Huyu ndiye mwenye kuhitaji mpango.

MIPANGO YA ZAMA ZA KWANZA

Asidhani mtu kuwa mpango wa kulipa ni jambo lililoletwa na Wazungu. Tutataja visa vinne.

Cha kwanza, Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya mskiti, sauti zao zikapanda mpaka Mtume (s.a.w.) akazisikia nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akaridhia. Papo hapo akamwamrisha Ibn Abi Hadrad ainuke akalipe ile nusu iliyobaki. Angalia mambo matatu: palikuwa na msuluhishi baina yao, mwia alipunguza kwa radhi yake, hakunyang'anywa, na mdeni hakuachwa aondoke bila ya kulipa.

Cha pili, ameeleza Abu Said al-Khudri katika Sahih Muslim kuwa mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na msiba, madeni yakamzidi. Mtume akawahimiza watu wamtolee sadaka, wakatoa, isitoshe. Ndipo akawaamrisha wadai wachukue kile kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Wanavyuoni wengi wamefahamu kuwa maana yake ni kwamba hawana zaidi kwa wakati ule, si kwamba deni lililobaki limekufa. Nukta hii msomaji aishike, tutairudia.

Cha tatu kimo katika Muwatta ya Imam Malik. Alikuwako mtu wa kabila la Juhayna, jina lake Usayfi, ambaye akinunua ngamia kwa bei ya juu apate kuwatangulia mahujaji, mpaka akafilisika. Seyyidna Umar akawahutubia watu, akawatangazia wadai wake wote wafike asubuhi ya pili wagawanyiwe mali yake, kisha akawaonya watu juu ya deni kwamba mwanzo wake ni hamu na mwisho wake ni ugomvi. Hapa pana kanuni kubwa: wadai wanaitwa wote pamoja, kwa siku moja, na wanagawana kwa haki. Hashindi mwenye sauti kubwa wala mwenye mbio.

Cha nne, Zubeir bin Awwam aliuawa mwaka 36 wa Hijra (656), akaacha deni la 2,200,000. Fedha taslimu hakuacha. Aliacha ardhi na nyumba. Mwanawe Abdallah hakukimbia wala hakukana. Aliiuza ardhi ya Ghaba, ambayo babake aliinunua kwa 170,000, akapata 1,600,000, akalipa. Na ndugu zake walipotaka urithi ugawanywe, alikataa mpaka ametangaza katika msimu wa Hija miaka minne kwamba kila amwiaye Zubeir na aje alipwe. Huo ndio mpango: muda unaojulikana, tangazo la wazi, na warithi kusubiri nyuma ya wadai.

WALIYOYAELEZA WANAVYUONI WETU

Neno letu la Kiswahili kufilisika limetokana na Kiarabu cha fiqhi, kwani mlango huu vitabuni huitwa taflisi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mtu ambaye madeni yake yaliyofika wakati yameizidi mali yake, na wadai wakamwomba kadhi, kadhi humtilia hajri, yaani humzuilia asiitumie mali yake. Kisha huiuza na kuwagawanyia wadai kila mmoja kwa kadiri ya anachodai. Wakati wote huo, mdeni na wanaomtegemea hulishwa kutoka katika mali hiyo mpaka siku ya mgawanyo, na huachiwa nguo zake. Likithibiti kuwa hana tena kitu, si halali kumfunga wala kumwandama, hupewa muhula. Imam Abu Hanifa hakuona kuwa mtu huru aliye mzima wa akili atiliwe hajri kwa ajili ya deni; lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, walikhitalifiana naye.

Liko jambo moja katika madhehebu yetu ambalo watu wa kawaida hawalijui, nalo lina dharura kubwa katika somo hili. Deni lililokwisha kufika wakati, mwia akisema nimekupa muhula wa mwaka, kauli hiyo ni ahadi njema, lakini haimfungi kwa hukumu. Akitaka anaweza kudai kesho, isipokuwa ameweka nadhiri au ameusia. Imam Malik ameona kuwa muhula ulioahidiwa unafunga. Basi mdeni wetu wa Kishafi aliyepatana na wadai wake kwa mdomo, akawalipa miezi sita, hana amani. Mmoja akighadhibika humvunjia mpango wote, na wengine nao humrukia kwa kuogopa kukosa. Hapa ndipo inapoonekana faida ya mpango kulindwa na hukumu isiyorudi nyuma.

SHERIA YA NCHI YETU

Katika Kenya mahakama ya kadhi haina uwezo katika jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeziwekea mahakama hizo mpaka wa mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu walioridhia kuhukumiwa huko. Deni la maiti huweza kufika kwa kadhi kwa mlango wa mirathi. Deni la mtu aliye hai lina njia nyingine.

Njia hiyo ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyoiondoa ile ya zamani, Sura ya 53, iliyorithiwa tangu zama za Waingereza. Sheria hii mpya haikumwachia mdeni mlango mmoja tu wa kutangazwa mufilisi. Imemfungulia na milango mingine mitatu, nayo yafaa kila mtu aijue.

Mlango wa kwanza ni mapatano ya hiari. Mdeni huandaa pendekezo la jinsi atakavyolipa, chini ya msimamizi aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, na huiomba Mahakama Kuu amri ya muda. Amri hiyo ikiwapo, wadai hawawezi kumwombea afilisiwe wala kukamata mali yake. Kisha wadai huitwa mkutanoni, na wakilikubali pendekezo na mahakama ikalipitisha, huwafunga wao na yeye. Ama mwia aliyeshika rahani, haki yake juu ya rahani ile haiguswi bila ya ridhaa yake.

Mlango wa pili ni amri ya kulipa kwa mafungu. Huu ni wa madeni madogo yasiyo na rahani, yasiyozidi kiwango kilichowekwa na kanuni. Hauhitaji Mahakama Kuu. Huombwa kwa Mpokezi Rasmi, naye ni ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya waliofilisika. Akiridhika, hutoa amri kuwa mdeni alipe madeni yake kidogo kidogo, na huteuliwa msimamizi wa kuangalia malipo hayo. Maadamu mdeni anatimiza, wadai hawamgusi mwili wala mali. Akivunja, kinga humwondokea.

Mlango wa tatu ni wa asiyekuwa na mali kabisa ya kuuzwa. Aliye na madeni yasiyopungua shilingi 100,000 wala kuzidi 4,000,000, ambaye hajapata kuingia mlango huu kabla ya hapo wala kutangazwa mufilisi, huweza kuingizwa humo, na baada ya miezi 12 sheria humfungulia madeni hayo. Ama aliyetangazwa mufilisi kabisa, yeye hufunguliwa baada ya miaka 3 tangu kuwasilisha maelezo ya mali na madeni yake, isipokuwa pakiwako pingamizi. Lakini deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutiki kwa milango hii.

Tena tazama jinsi sheria ya nchi ilivyokutana na ile tofauti tuliyoitaja baina ya mwenye nacho na asiyekuwa nacho. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Madai, Sura ya 21, kifungu cha 38, inaruhusu mdeni aliyehukumiwa atiwe jela. Lakini imeshurutisha kwanza apewe nafasi ya kujieleza, na mahakama iridhike kwa mambo kama haya: kwamba ana uwezo wa kulipa akakataa, au anataka kutoroka, au ameficha mali kwa hila. Na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Kenya iliuingia mwaka 1972, katika ibara yake ya 11 umekataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mapatano. Na waliokopa kwa simu wajue kuwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji hao kutoa vitisho na matusi, na kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdeni bila ya idhini ili kumwaibisha.

JE, SHERIA IKIMFUNGUA, AMEFUNGUKA?

Hapa tumefika penye moyo wa somo. Atauliza muulizaji: nikiingia mlango wa tatu, na baada ya miezi 12 nikaambiwa sidaiwi, je, mbele ya Mwenyezi Mungu nimetua mzigo?

Jawabu yetu ina vifungu vitatu. Kwanza, aliyelipa kila kitu kwa mafungu, huyo hana neno. Amelipa, na muhula alioupata ni ule ule ulioamrishwa na Qur'ani. Pili, mwia aliyeridhia mkutanoni apunguziwe deni lake, amesamehe, na alichosamehe hakirudi, kama alivyosamehe Kaab nusu yake. Lakini mwia aliyekataa, akashindwa kwa wingi wa kura, haki yake haikufa. Mdeni akipata wasaa na amwendee. Tatu, deni lililofutwa na sheria peke yake bila ya radhi ya mwenyewe limefungiwa mlango wa mahakama tu. Shingoni lingaliko. Na ndiyo maana ya ile Hadithi ya mnunuzi wa matunda: hawana zaidi kwa leo.

Wako watakaosema kuwa hukumu ya hakimu huondoa khitilafu. Kweli, huiondoa katika mambo ya ijtihadi. Lakini haigeuzi haramu kuwa halali. Bibi Ummu Salama amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwaonya waliokuja kushitakiana mbele yake, kwamba huenda mmoja akawa fasaha zaidi akahukumiwa haki ya mwenziwe, na akiichukua amechukua kipande cha moto. Ikiwa hivyo ndivyo katika hukumu ya Mtume, seuze hukumu ya wasiokuwa yeye?

Wala sheria ya nchi haimkatazi aliyefunguliwa kulipa kwa hiari yake. Basi Mwislamu na aipokee kinga ya sheria kama muhula, asiipokee kama msamaha. Ajifiche ndani yake asidhulumiwe, watoto wake wasilale njaa. Lakini akinyanyuka na atoke, amtafute mwia wake, na kama amekufa awatafute warithi wake.

Imebaki riba. Tunayosema kuwa yako shingoni ni rasilimali, yaani kile alichokipokea hasa. Ziada ya riba si haki ya mwia katika dini yetu, kwani aya ya 279 imempa mkopeshaji aliyetubu rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Basi riba ikiondolewa na sheria, ametua mzigo wake. Ama kabla ya hapo, na azungumze na mwia amwondolee, na hilo ni katika mambo ya kwanza kuandikwa katika pendekezo lake.

JINSI YA KUUPANGA

Tuseme mtu ana mshahara wa shilingi 48,000 kwa mwezi. Anawiwa na mwenye duka 30,000, rafiki yake 90,000, skuli ya watoto 60,000, na rasilimali ya mkopo wa simu 20,000. Jumla ni 200,000. Anahesabu nyumba, chakula, maji na nauli, anaona havipungui 36,000. Zinabaki 12,000. Hazitoi zote, kwani ugonjwa hauna miadi. Anaweka 2,000 na analipa 10,000.

Sasa, amlipe nani kwanza? Kawaida yetu ni kumlipa mwenye kelele. Kabla ya hajri madhehebu yetu hayamkatazi kumtanguliza amtakaye, lakini mpango wa haki ni ule wa Seyyidna Umar, kila mmoja kwa kadiri yake. Mwenye duka anadai sehemu 15 katika mia, basi apate 1,500. Rafiki 45, apate 4,500. Skuli 30, ipate 3,000. Mkopo wa simu 10, upate 1,000. Baada ya miezi 20 wote wamemalizwa siku moja, na hapana aliyedhulumiwa. Rafiki mpole, ambaye kwa desturi ndiye hulipwa mwisho kwa kuwa ana haya, amepata haki yake sawasawa na mwenye matusi.

Mpango huu una masharti yake. Ayataje madeni yote asifiche hata moja, kwani kuficha ni khiyana katika dini na ni kosa katika sheria. Auandike, aushuhudishe, na kila mwia apate nakala. Asimwongezee mwia hata senti moja kwa ajili ya kurefushiwa muda. Kuongeza mali kwa kuongezwa muda ndiyo riba yenyewe ya zama za ujahili. Kwa hivyo kuchukua mkopo mpya wa riba ili kuyameza madeni ya zamani si mpango, ni kuhama shimo dogo kuingia shimo kubwa. Asikope tena mpaka amalize. Na auweke katika wasia wake, kwani katika madhehebu yetu mdeni akifa madeni yake ya baadaye hufika wakati papo hapo, na warithi wasiojua watagawana mali ya watu.

Akianza na wazee wa mtaa au imamu wa mskiti wakawa wasuluhishi, ni vyema, na pengine patatosha. Lakini mwia mmoja akikataa, au wadai wakiwa wengi asiowaweza, asione haya kwenda kwa Mpokezi Rasmi. Kukimbilia hukumu si fedheha; fedheha ni kukimbia mji.

WAJIBU WA MWIA NA WA JAMAA

Mwia naye ana somo lake. Akiletewa mpango wa kweli, asiukatae kwa ghadhabu tu. Wamepokea Bukhari na Muslim habari ya mfanyabiashara wa kale ambaye hakuwa na amali njema ila alikuwa akiwaamrisha watumishi wake wawavumilie wenye dhiki, na Mwenyezi Mungu akamvumilia yeye. Na akisha ahidi muhula, ijapokuwa madhehebu yetu hayamlazimishi kwa hukumu, kuvunja ahadi si sifa ya muumini.

Jambo jingine ambalo wenye mali hukosea ni kumwambia mdeni: deni langu kwako nimelifanya zaka yangu. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu hilo halitoshi. Zaka ni kutoa. Na ampe fedha mkononi awe nazo hasa, bila ya kushurutisha. Kisha mdeni akitaka kumlipa deni kwa fedha hizo, ni hiari yake.

Na jamaa zima lina fungu lake. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, wadeni ni moja katika mafungu manane ya wenye kustahiki zaka. Twatoa zaka zetu kila Ramadhani shilingi hamsini hamsini kwa mstari wa watu mlangoni, na jirani yetu anauziwa cherehani yake aliyokuwa akilishia watoto. Lau watu kumi wa mtaa mmoja wangekusanya zaka zao, wangemwinua mtu mmoja kila mwaka akatoka katika deni, na mwaka unaofuata huenda akawa yeye ni miongoni mwa watoaji.

MASUALA YA DARASA

Wenye kusoma somo hili katika halaka zao na wajiulize: Ni nini tofauti ya mdeni mwenye dhiki na mdeni dhalimu? Kwa nini kumsamehe mdeni ni bora kuliko kumpa muhula, ilhali muhula ndio wajibu? Mwia aliyeshindwa kwa kura mkutanoni, haki yake iko wapi? Na kila mtu na aulize nafsi yake, kabla ya kulala usiku wa leo: ninamwia nani, nani ananiwia, na je, yameandikwa?

Dawa ya deni ni kulipa, wala haina nyingine. Lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Mwenye kuinywa yote kwa mara moja huenda ikamuua, na mwenye kuimwaga hatapona. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutoshe kwa halali yake tusihitaji haramu, atulipie tulioshindwa kulipa hali nia zetu ni za kweli, na atutie huruma sisi kwa sisi. Amin.